Namna ya Kumzoesha Mbwa Kubaki Peke Yake Nyumbani kwa Utulivu

Kila mwaka shule zinapofunguliwa mwezi Januari, nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi zilizojaa watu tangu mapema Desemba hubaki tupu kutwa nzima, na mbwa aliyeshinda likizo yote akicheza na watoto hujikuta amefungiwa ndani peke yake bila maandalizi yoyote. Majirani ndio hutangulia kupata habari, kwa kuwa wao husikia kilio kinachoanza mara gari linapotoka getini. Mwenye mbwa hujua jioni, anapokuta mlango umeparuriwa, mto wa kochi umechanwa na sakafu ina mkojo, na aghalabu wazo la kwanza linalomjia ni kwamba mbwa wake amekuwa mkaidi au analipiza kisasi cha kuachwa.

Mbwa wa namna hii hana ukaidi wala kisasi, ana hofu. Moyo wake hudunda kwa kasi, pumzi humbana, na akili yake yote huwa kwenye jambo moja tu, nalo ni kutoka humo ndani na kuwafikia watu wake. Ndiyo maana mbwa hafundishwi kubaki peke yake kwa kuachwa alie hadi achoke. Hufundishwa kwa kuachwa kwa muda mfupi kiasi kwamba hofu haipati nafasi ya kuanza, kisha muda huo ukarefushwa polepole mpaka kutokuwapo kwako kukawa jambo la kawaida kwake. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na kwa baadhi ya mbwa huchukua miezi, lakini mbwa wengi hupata nafuu kubwa iwapo hatua hazirukwi.

Ni vyema kueleza mapema ni mbwa yupi anayezungumziwa hapa. Mbwa wa ulinzi anayelala bandani uani, anayewaona mlinzi, dada wa kazi, kuku na wapita njia siku nzima, ni nadra kuwa peke yake kwa maana halisi, hata kama wenye nyumba wamesafiri. Tatizo hujitokeza zaidi kwa mbwa anayeishi ndani pamoja na watu, hasa pale maisha yake yanapobadilika ghafla: familia imehama kutoka nyumba yenye uwanja kwenda fleti ya ghorofa ya tatu, bibi aliyekuwa akishinda nyumbani amerejea kijijini, dada wa kazi ameondoka, kijana wa nyumbani amepelekwa shule ya bweni, au mwenye mbwa aliyezoea kufanyia kazi nyumbani ameitwa tena ofisini. Mbwa aliyeokotwa mtaani, au aliyepita katika mikono ya wafugaji kadhaa, naye anastahili kuangaliwa kwa makini tangu siku ya kwanza.

Tazama kwanza kinachotokea ukiwa haupo

Usianze mazoezi yoyote kabla ya kumwona mbwa wako akiwa peke yake. Kamera maalumu haihitajiki. Simu ya zamani iliyoegemezwa kwenye rafu, ikapiga simu ya video kwa simu unayotembea nayo, inatosha kabisa, mradi uzime maikrofoni ya simu yako ili mbwa asisikie sauti yako; kama bando ni tatizo, iache irekodi tu na utazame ukirudi. Toka kama unavyotoka siku zote, kaa mbali na mlango, kwa mfano chini ya ngazi au kwenye duka la jirani, na usizidishe nusu saa. Ukiona mbwa amefadhaika sana, rudi mara moja, kwa kuwa umeshapata ulichokihitaji.

Jambo la kutazama kwa makini zaidi ni wakati dalili zinapoanza. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache za mwanzo. Hutembea huku na huko akifuata njia ileile, husimama mlangoni masikio yakiwa yameelekea mbele, huhema ijapokuwa hakuna joto, hudondosha mate, hutetemeka, hulia kwa sauti nyembamba, kisha hubweka au kutoa mlio mrefu akiwa ameinua kichwa. Uharibifu wake nao una mahali pake, napo ni kwenye njia za kutokea. Chunguza fremu ya mlango kwenye kimo cha goti, na utaona rangi imebanduka kwa mistari ya kucha inayoshuka chini, vibanzi vya mbao vimetapakaa sakafuni, na pengine doa dogo la damu kutokana na ukucha uliokatika. Zulia la mlangoni huwa limelowa mate hata kama hakuna aliyemwaga maji. Chakula ulichomwachia, hata kile akipendacho kuliko vyote, hukaa bila kuguswa, kisha hukila kwa pupa mara tu unapoingia. Dalili hii ya mwisho ina uzito mkubwa, kwa kuwa mnyama aliyeshikwa na hofu hawezi kula.

Mbwa aliyekosa tu cha kufanya huonekana tofauti. Kwanza hulala, huenda kwa saa nzima, kisha huamka, hujinyoosha, huchukua kiatu na kukitafuna akiwa amejilaza kwa raha zake. Huyu anahitaji matembezi na vitu halali vya kutafuna, si mazoezi ya kuondoa hofu. Mbwa anayebweka kila bodaboda inapopita, au anayetoa mlio mrefu adhana inapoanza au king'ora cha gari la wagonjwa kinaposikika, kisha akarudi kulala, anaitikia sauti tu na hateseki. Anayekojoa ndani hata ukiwa umeketi naye sebuleni, ama hajafundishwa vizuri mahali pa kwenda haja, ama ni mgonjwa.

Suala la ugonjwa lisipuuzwe. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na maradhi ya figo humfanya mbwa akojoe mara kwa mara. Maumivu ya viungo humkosesha utulivu. Na mbwa mzee ambaye akili yake imeanza kudhoofu anaweza kuanza kulia akiachwa, ilhali hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwonyeshe daktari ile video, maana dakika chache za video zitamweleza mengi kuliko masimulizi marefu.

Adhabu haina nafasi hapa

Wafugaji wengi husema kwamba mbwa wao anajua alichofanya, kwa sababu wakiingia tu humwona amelaza masikio, ameinamisha kichwa na kuukunja mkia. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio lililochunguza sura hiyo ya hatia. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kipande cha chakula, wakatoka chumbani, kisha wakarudi wakiwa wameambiwa kama mbwa ametii au hakutii, na mara nyingine walichoambiwa hakikuwa kweli. Sura ya hatia ilifuata karipio la mwenye mbwa na wala si kosa la mbwa, na ilionekana wazi zaidi kwa mbwa waliokaripiwa ilhali hawakula chochote. Mbwa huyo anausoma uso wako na sauti yako, na anachokijibu ni hasira yako.

Ukimchapa au ukimfokea jioni kwa kitu alichokiharibu asubuhi, hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Atakachojifunza ni kwamba kurudi kwako kunatisha, na sasa atakuwa na hofu mbili badala ya moja: ya wewe kuondoka na ya wewe kurudi. Mikanda ya shingoni inayotoa shoti ya umeme au kunyunyiza harufu kali mbwa anapobweka ina kasoro hiyohiyo. Inaweza kuzima sauti, jambo litakalowafurahisha majirani, lakini hofu hubaki palepale na hutafuta njia nyingine ya kutokea, kama vile kujilamba mguu mpaka ngozi ichubuke. Ukikuta uharibifu, mtoe mbwa nje bila neno, safisha, kisha endeleeni na jioni yenu. Mkojo usafishwe kwa sabuni na maji mengi, kisha siki iliyochanganywa na maji, na usitumie dawa zenye amonia, kwa sababu harufu yake hukaribiana na ya mkojo na inaweza kumvuta akojoe tena mahali palepale.

Simamisha kwanza kumwacha peke yake

Hili ndilo sharti gumu kuliko yote, na ndilo ambalo watu hulikwepa. Katika kipindi chote cha mazoezi mbwa asiachwe peke yake kwa muda unaozidi uwezo wake. Kila anaposhikwa na hofu kamili, sehemu ya kazi iliyofanyika hubomoka, na ukimfundisha sekunde 30 jioni huku ukimwacha saa 9 mfululizo mchana, hutafika popote.

Kwa bahati nzuri, katika miji yetu mtu wa kukaa na mbwa hupatikana kwa urahisi kuliko katika nchi nyingi, na mbwa mwenye hofu hii kwa kawaida hahitaji mtu fulani mahususi, anahitaji mtu tu. Dada wa kazi anaweza kupangiwa shughuli zake hivi kwamba aende sokoni wakati mtu mwingine bado yupo nyumbani. Mlinzi wa getini anayempenda mbwa anaweza kukaa naye kibandani kwake kwa makubaliano na malipo ya haki. Kijana wa jirani anayesubiri matokeo ya mtihani anaweza kuja kusomea sebuleni kwenu, na mwenye duka au saluni anaweza kwenda kazini na mbwa wake. Kabla ya kumwomba jirani, muulize kwanza kwa heshima kama hana kipingamizi, kwa kuwa wapo wasiopenda mate ya mbwa yaguse nguo zao kwa sababu za dini, wapo waliowahi kuumwa, na ombi lililotolewa vibaya hukosesha ujirani mwema. Vilevile waeleze majirani wa ghorofa yako kinachoendelea. Mtu aliyeambiwa kwamba mbwa anatibiwa huvumilia zaidi kuliko mtu anayedhani hakuna anayejali. Hakikisha pia kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati na kwamba cheti chake kipo, kwa kuwa yeyote unayemkabidhi mbwa wako ana haki ya kukiona.

Mahali atakapobaki

Mbwa abaki katika sehemu ya nyumba anayolala kwa hiari yake, yenye kivuli, hewa inayopita na maji katika bakuli zito lisilopinduka. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, kwa hiyo chumba kidogo cha bati huko Dar es Salaam mwezi Februari, au gari lililofungwa vioo, vinaweza kumwua hata bila hofu yoyote.

Kumfungia mbwa mwenye hofu ndani ya kizimba kidogo kwa matumaini kwamba hataharibu vitu ni kosa lenye gharama. Mbwa wa namna hiyo hung'ata nondo mpaka meno yavunjike na huchimba mpaka kucha zing'oke. Mnyororo nao haufai, maana anaweza kujinyonga nao akiruka ukuta au dirisha. Baraza la ghorofani lifungwe kabisa: mbwa aliyezoea kukaa pale kwa amani ukiwapo anaweza kujirusha chini akiuona mgongo wako ukielekea getini. Mapazia yakifungwa upande wa barabarani humpunguzia mambo ya kubwekea.

Funguo, viatu na mkoba

Mbwa huanza kuogopa kabla hujatoka. Ameshajifunza kwamba kuoga asubuhi, kupiga pasi shati, kuvaa viatu vya ofisini, kuchukua mkoba na mlio wa funguo vyote huishia na yeye kubaki peke yake, na kila hatua humwongezea wasiwasi kiasi kwamba unapofika mlangoni tayari anahema. Andika hatua hizo kwa mpangilio unaouzoea, kisha anza kuzivunja moja moja. Chukua funguo, tembea nazo mpaka jikoni, zirudishe mahali pake. Vaa viatu vya kazi uangalie navyo taarifa ya habari. Beba mkoba, keti, uweke chini. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku, bila kumtazama mbwa na bila kumsemesha, hadi mlio wa funguo usimfanye hata ainue kichwa. Kwa baadhi ya mbwa hatua hii huisha katika siku chache. Kwa wengine ndiyo inayoyachukua majuma mawili ya kwanza, na usiwe na haraka.

Mazoezi ya mlangoni

Nyumba nyingi za kwetu zina milango miwili pale pa kutokea, wa mbao ndani na wa grili nje. Jambo hili ni msaada mkubwa kwa kazi yetu, kwa sababu linakuwezesha kuwa nje huku mbwa bado anakuona.

Chagua saa ambayo mbwa ameshatembea, ameshakwenda haja na ametulia. Nenda mlangoni, shika kitasa, rudi ukae. Baada ya muda fungua mlango wa mbao, ufunge, rudi ukae. Kisha toka, vuta grili, simama pale nje ukihesabu hadi 3 kimoyomoyo, ingia. Mbwa akikufuata mpaka mlangoni si kosa, na usimwamuru akae chini, kwa kuwa utulivu unaotafutwa hapa haulazimishwi kwa amri. Ukirudia kwa mpangilio huo utaona siku moja anainua kichwa tu, anakutazama ukitoka, kisha anakilaza tena. Hapo ndipo panapokuruhusu kwenda hatua inayofuata, yaani kuurudisha mlango wa mbao nusu, halafu kuufunga kabisa kwa sekunde 1 tu. Mlio wa kufuli uufanyie zoezi la peke yake, mlango ukiwa wazi, kwa sababu kwa mbwa wengi mlio huo ndio muhuri kwamba mtu ameondoka kweli.

Muda uongezwe bila kuwa ngazi ya kupanda tu. Mbwa aliyeweza sekunde 10 apewe 4, halafu 12, halafu 7, halafu 15, ili asijifunze kwamba kila jaribio ni gumu kuliko lililopita. Kati ya kutoka mara moja na nyingine ngoja dakika moja au mbili, mpaka pumzi yake irudi chini. Zoezi moja lisizidi robo saa, mara moja kwa siku, na siku moja au mbili za wiki ziwe za mapumziko kamili. Andika katika daftari muda uliofikia na ulichokiona kwenye simu, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mwenye shauku ya mafanikio humdanganya.

Kutambua utulivu ni ujuzi unaohitaji macho. Mbwa aliyetulia huwa amelalia ubavu wa nyonga, miguu ya nyuma yote miwili imeelekea upande mmoja, masikio yamelegea, anapepesa macho polepole na mbavu zake zinapanda na kushuka bila haraka. Mbwa aliyelala kifudifudi miguu ikiwa tayari chini ya mwili, mdomo umefungwa kwa nguvu na macho yameganda mlangoni, hajatulia hata kama hatoi sauti yoyote. Ukimwongezea muda hapo utasikia kilio kabla hujafika mwisho wa ngazi. Kulamba midomo mara kwa mara na kupiga miayo bila usingizi ni ishara za mapema za kukutaka urudi na upunguze muda katika jaribio linalofuata. Kurudi nyuma hatua mbili ni sehemu ya kawaida ya mazoezi haya.

Ukishavuka dakika moja, ongeza mambo ya nje: kushuka ngazi, kufika getini, mlinzi kufungua geti, gari kuwashwa, gari kuondoka. Kila unapoingiza jambo jipya punguza muda, kwani magumu mawili yasiongezwe kwa wakati mmoja. Mbwa anayevumilia dakika 5 za kimya anaweza kushindwa na sekunde 20 zinazotanguliwa na mlio wa injini. Sehemu hii ndiyo inayoenda taratibu kuliko zote. Shirika la kutetea wanyama la Marekani, ASPCA, linaeleza kwamba dalili nyingi hujitokeza ndani ya dakika 40 za kwanza, na kwamba mbwa anayeweza kukaa dakika 90 bila wasiwasi kwa kawaida ataweza kukaa saa 4 hadi 8. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kuona umetumia majuma mengi kufikia nusu saa. Kutoka hapo mwendo huwa wa haraka zaidi.

Chakula, matembezi na sauti

Matembezi ya nusu saa kabla ya kutoka, hasa yale ambayo mbwa anaachwa anuse majani na kuta kadiri apendavyo badala ya kuvutwa kamba, humtuliza kuliko kukimbizwa mpaka achoke. Kulamba na kutafuna navyo hutuliza. Mchuzi wa mifupa usio na chumvi wala kitunguu, ukachanganywa na wali na dagaa waliosagwa, ukawekwa ndani ya mpira mgumu wenye tundu na kugandishwa kwenye friza usiku kucha, humpa mbwa kazi ya muda mrefu. Boksi lililojazwa karatasi zilizofinyangwa na dagaa wachache waliofichwa humo linafaa pia kwa mbwa asiyemeza karatasi. Epuka mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha, na epuka kabisa kitunguu, chokoleti, zabibu na chochote chenye zailitoli, sukari mbadala inayopatikana katika baadhi ya siagi za karanga na peremende.

Hata hivyo, chakula peke yake hakitibu hofu. Wapo mbwa wanaokula kwa utulivu kwa dakika 10, kisha kikiisha ndipo wanapogundua kwamba wako peke yao na kuanza kulia. Wengine hujifunza haraka kwamba ule mpira hutolewa tu mtu anapoondoka, na kuuona kwenyewe kukawa chanzo cha wasiwasi. Mpe mpira huo hata siku ambazo huendi popote, na baadhi ya mazoezi ya mlangoni yafanye bila chakula chochote. Redio ina sharti hilohilo: iwashwe pia mkiwa nyumbani. Utafiti wa Deborah Wells na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, uliochapishwa mwaka 2002, uliona kwamba mbwa katika kituo cha kuwahifadhi walipumzika zaidi muziki wa klasiki ulipopigwa, na walibweka zaidi kwa muziki mzito wa roki, kwa hiyo sauti ya chini na ya taratibu ndiyo inayofaa.

Kununua mbwa wa pili ili awe mwenzake ni ushauri unaotolewa kwa nia njema lakini mara nyingi hausaidii, kwa kuwa anachokikosa mbwa huyu ni watu, na unaweza kuishia na mbwa wawili wanaolia. Kuhusu kuaga na kusalimu, si lazima ujifanye humwoni. Neno moja la upole ukitoka na salamu ya utulivu ukirudi havina madhara. Kinachodhuru ni kuagana kwa muda mrefu kwa sauti ya huzuni.

Dawa

Kwa mbwa ambaye hofu yake ni kali kiasi kwamba hata sekunde 2 za mlango kufungwa humwumiza, mazoezi peke yake yanaweza yasitoshe, na si haki kumwacha ateseke kwa sababu ya aibu au dhana kwamba dawa za wasiwasi ni za wanadamu tu. Klomipramini iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya tatizo hili kwa mbwa, na fluoksetini ikaidhinishwa mwaka 2007, zote zikiambatana na mazoezi. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake na hazikatishwi ghafla. Dawa hizi hutolewa na daktari wa mifugo baada ya vipimo, na pale daktari wa karibu anapohitaji msaada, hospitali za wanyama za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na cha Nairobi kule Kabete zinaweza kumpokea mbwa kwa rufaa. Usimpe dawa za usingizi ulizoandikiwa wewe, wala paracetamol au ibuprofen, ambazo zinaweza kumwua. Jihadhari pia na sindano za kumlegeza mwili tu: mbwa hulala chini kwa kuwa misuli haina nguvu, ilhali hofu inaendelea ndani yake.

Mbwa mdogo

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, ijapokuwa barabarani utaona wakiuzwa wakiwa wadogo zaidi. Wiki za mwanzo nyumbani kwako mlaze karibu na watu usiku, na mchana umfundishe upweke kwa vipande vidogo sana: umeingia bafuni ukafunga mlango, umekwenda kuanika nguo, umepeleka taka getini. Mlango ufungwe akiwa ameshiba na anasinzia, na ufunguliwe kabla hajaanza kulia. Dakika hizo chache za kila siku zinazofanywa kwa furaha huzuia matatizo ambayo baadaye yangedai miezi ya kazi. Kibofu chake nacho ni kidogo. Mbwa wa miezi 3 hawezi kuzuia mkojo kwa zaidi ya saa 3 au 4 mchana, na kumtarajia afanye hivyo ni kumwonea.

Baada ya kufanikiwa

Hata mbwa aliyezoea asiachwe kutwa nzima kila siku. Mashirika ya kutetea wanyama ya Uingereza, likiwamo RSPCA, hupendekeza asiachwe zaidi ya saa 4 mfululizo, na kanuni za Sweden zinataka mbwa atolewe nje angalau kila baada ya saa 6 mchana. Kwa mtu anayetoka Mbezi au Kitengela alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya foleni, maana yake ni kwamba lazima apatikane mtu wa kuja mchana kumtoa, kumpa maji na kukaa naye kidogo.

Utulivu uliopatikana unaweza kupotea baada ya likizo ndefu, kuhama nyumba, ugonjwa, au usiku wa fataki za mwaka mpya. Familia inayokwenda Moshi au Kakamega kwa Krismasi na kurudi na mbwa wake Januari isimwache saa 8 siku ya kwanza ya kazi. Siku mbili au tatu kabla ya shule kufunguliwa anzeni tena na dakika 5, kisha 20, kisha saa moja, simu ikiwa imeegemezwa kwenye rafu. Akilala ubavu katika hizo zote, rudini kwenye ratiba yenu, na asipolala, mtafutieni mtu wa kukaa naye wiki hiyo mkiendelea na mazoezi ya jioni.